Nyuzi chache za kwanza za usukani

Kazi yangu inaniweka barabarani kuliko ofisini. Kuna wiki za Musoma, kupitia Magu, Lamadi na Bunda. Kuna wiki za kuvuka kwenda Sengerema. Na kati ya safari hizo ipo Mwanza yenyewe, mji wa vilima na mawe, ambako barabara ikikutana na mwamba inauzunguka. Ulipofika wakati wa kubadilisha gari nilijua ninachotafuta: sedani ya daraja la juu, tulivu ndani, yenye viti vya kukaa saa nyingi bila kiuno kuuma, lakini iwe sedani ya dereva, inayouitikia mkono.

Nilipokwisha kupima bei, ushuru na upatikanaji wa spea, yalibaki majina machache. BMW 325i ya umbo la E90, Mercedes-Benz C200 ya W204, Lexus IS250, na BMW 320i ya F30 iliyo mpya kidogo kuliko hizo. Toyota Mark X 250G niliiongeza kwa sababu kaka yangu anayo, ninaijua vizuri, na nilihitaji gari la kulinganishia ambalo halina siri kwangu.

Mazungumzo ya magari kwetu huanzia kwenye injini. Ukimwambia mtu unataka gari la kukimbia atakuuliza sisi ngapi, yaani ukubwa wa injini, na ukimjibu ataona ameshakuelewa. Lakini angalia Lexus IS250 na Mark X 250G. Zote mbili zina injini ileile ya 4GR-FSE, V6 ya lita 2.5 yenye nguvu farasi zipatazo 215. Zote zinasukumwa na magurudumu ya nyuma. Zote zina usukani unaosaidiwa na umeme, na mbele, kwenye zote, kila gurudumu linashikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini. Kwenye karatasi ni ndugu wa tumbo moja. Ukizipeleka barabara moja siku moja utashuka ukijua kwamba moja imetengenezwa kwa ajili ya anayeendesha na nyingine kwa ajili ya anayepelekwa. Lexus inaanza kugeuka mara tu mkono unapotikisika. Mark X inasubiri kwanza, halafu inageuka kwa upole na heshima. Tofauti hiyo haimo kwenye injini. Imo kwenye usukani, bushi (mipira ya kwenye maungio ya chuma), springi, shokapu, upana wa tairi na jinsi wahandisi walivyoamua vitu hivyo visaidiane.

Kwa hiyo niliacha kuuliza habari za mwendo na nikaanza kuuliza habari za usukani.

Tairi kwanza

Kabla ya yote, mtu asikubali kulinganisha magari mawili yenye tairi zisizofanana hali. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu naona watu wanatoa hukumu nzito juu ya gari zima, kumbe wanachokisikia mkononi ni mpira wa zamani uliokauka. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 3216 ilitoka kiwandani wiki ya 32 ya mwaka 2016, hata kama meno yake bado marefu. Mpira wa umri huo unakuwa mgumu, haushiki lami vizuri wakati wa mvua, na usukani unapoteza ule mguso wa kukueleza barabara ikoje.

Halafu upepo. Magari haya yana kibandiko kwenye fremu ya mlango kinachoonyesha upepo wa mbele na wa nyuma, na mara nyingi namba hizo mbili hazilingani. Vijana wa kujaza upepo wana namba moja ya magari yote. Nilikuwa natembea na kipimo changu, napima tairi zikiwa za baridi, najaza kama kibandiko kinavyosema, ndipo naondoka. Wauzaji wawili walinitazama kwa mshangao. Mmoja aliniambia, "Dada, wewe unanunua gari au unafungua gereji?" Nilimjibu kwamba nikishajua gari lilivyo tutaelewana bei haraka, na kweli alitulia.

Kwenye E90 suala la tairi ni zito zaidi. BMW walipoileta mwaka 2005 waliivalisha tairi za ranfleti, zenye ubavu mgumu unaoweza kubeba gari hata upepo ukiisha, na ndiyo maana haina nafasi ya tairi ya akiba. Ubavu mgumu unapitisha kila kokoto hadi kwenye bodi. Nilibahatika kuziendesha 325i mbili: moja ikiwa bado na ranfleti, nyingine mwenyewe alishahamia kwenye tairi za kawaida za 225/45R17. Ya kwanza, kwenye viraka vya lami, pua ilikuwa inarukaruka na usukani unatetemeka kwa mambo yasiyo na maana. Ya pili ilitulia, na mkono ukawa unapokea habari moja kwa wakati wake. Nasema bila kusita kwamba tofauti kati ya E90 hizo mbili ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya E90 na Mercedes. Anayesoma kwamba gari fulani "ni gumu" aulize kwanza linavaa tairi gani.

Mkono ukisogea kidogo tu

Watu wakitaka kujaribu usukani wanatafuta kona kali. Mimi naona jibu linapatikana kwenye barabara iliyonyooka, na sisi tunayo: ukishavuka Magu kuelekea Lamadi kuna vipande virefu ambavyo unaona mbele mpaka macho yanachoka. Pale, kwa mwendo wa 80, barabara ikiwa tupu mbele na nyuma, nilikuwa nafanya jambo dogo. Nasogeza usukani kiasi cha upana wa vidole viwili kushoto, naurudisha, halafu kulia, naurudisha. Sitaki gari litoke kwenye njia yake. Nataka kujua mambo matatu tu: pua inaanza kusogea lini, uzito wa usukani unaongezeka vipi, na nikilegeza mkono usukani unarudi wenyewe katikati au unabaki ulipoachwa.

Nyuzi hizo chache, yaani digrii za kwanza za mzunguko wa usukani, ndizo unazoishi nazo. Ukienda Musoma, kona za kukata usukani mpaka mikono ipishane ni chache mno. Kinachofanyika kwa saa nzima ni masahihisho madogo: lori limekupita na upepo wake umekusukuma, lami imeinama kuelekea mtaroni, kuna kiraka upande wa kushoto, bodaboda amejitokeza na gunia la mkaa. Gari ambalo katikati ya usukani wake kuna uwazi linakulazimisha usahihishe mara mbili: unasogeza, halijibu, unaongeza, linajibu kupita kiasi, unarudisha. Hutagundua unafanya hivyo. Utagundua jioni, mabega yakiwa mazito.

Marehemu baba alikuwa na Mercedes ya W124, na mimi nilijifunzia gari humo. Usukani wa gari lile ulikuwa wa boksi lenye mipira midogo ya chuma inayozunguka ndani, siyo raki, ule upau wa meno unaosogea kushoto na kulia kugeuza magurudumu. Hata likiwa zima kabisa lilikuwa na kiasi fulani cha ukimya katikati, na wengi waliliheshimu kwa sababu hiyo, wakisema ndilo gari lisiloyumba. Lakini kutoyumba kwake kulitokana na mambo mengine: jinsi ekseli ya mbele ilivyoinamishwa ili magurudumu yajirudishe yenyewe, na urefu wa gari. Ule ukimya wa katikati ulikuwa gharama ya boksi, haukuwa chanzo cha utulivu. Mercedes wenyewe walihamishia C-Class kwenye raki mwaka 2000, ilipotoka W203. W204 niliyoijaribu mimi ni mtoto wa mabadiliko hayo, na ilinionyesha wazi kwamba gari linaweza kunyooka kama mshale na bado likajibu vidole viwili.

Kwa upande huu, kwenye barabara ya Magu, C200 ndiyo iliyonipendeza kuliko zote. Inajibu mapema lakini bila pupa, uzito unajengeka polepole, na ukilegeza mkono usukani unarudi katikati kwa adabu. E90 inajibu mapema zaidi, kidogo tu, na inakwambia mengi zaidi. Lexus ina haraka ya kuanza, ila baada ya nyuzi za kwanza uzito hauongezeki sana, kwa hiyo huna uhakika umebakiza mshiko kiasi gani. F30 ilikuwa nyepesi na safi, haina uwazi, lakini pia haina habari. Mark X ya kaka ilikuwa na uwazi mkubwa katikati, na hapo nilijiwekea akiba ya maneno, kwa sababu gari lake lina umri na sikujua ni kiasi gani cha uwazi ule kilitoka kiwandani na kiasi gani kilitoka kwenye mashimo yetu.

Kipimo cha pili cha nyuzi hizo hizo nilikipata kwenye daraja la Kigongo–Busisi. Tangu lilipofunguliwa Juni 2025, safari ya Sengerema imebadilika kabisa. Hakuna tena kukaa foleni ya kivuko. Daraja lina urefu wa kilomita 3 na liko wazi juu ya ghuba, kwa hiyo alasiri upepo wa ziwa unapovuma unakupiga ubavuni. Haulitoi gari njiani, ila unaligusa, unaliachia, unaligusa tena. Pale nilikuwa nashika usukani kwa wepesi na kuhesabu moyoni ni mara ngapi nalazimika kuingilia kati. Mercedes ilinihitaji mara chache kuliko zote. E90 yenye tairi za kawaida ilifuata. F30 ilinihitaji zaidi, si kwamba iliyumba, bali sikuwa napata taarifa ya upepo mkononi mpaka macho yaone pua imesogea.

Oili na umeme

Hapa tunafika kwenye ubishi mkubwa wa magari ya aina hii. Usukani wa zamani wa kusaidiwa unatumia pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, inasukuma oili hadi kwenye raki. Usukani wa umeme una mota inayosukuma raki au shina la usukani kwa kufuata vipimo vya kompyuta. Namna rahisi ya kujua ni kufungua boneti na kutafuta kichupa cha oili ya stelingi. Kama hakipo, na fundi hajakionyesha mahali pengine, gari ni la umeme. 325i ya E90 niliyoitaka na W204 ya miaka ya mwanzo ni za oili. Lexus IS250, Mark X na F30 ni za umeme.

Watengenezaji walihamia kwenye umeme kwa sababu zenye maana. Pampu inakula nguvu ya injini muda wote hata ukienda moja kwa moja. Mota inafanya kazi pale tu inapohitajika, kwa hiyo mafuta yanapungua. Hakuna oili ya kuvuja. Na bila umeme usingepata gari linalojiegesha au linalokurudisha kwenye mstari. Mimi sina ugomvi na umeme wenyewe. Ninachokilalamikia ni kizazi cha kwanza cha usukani huo kwenye sedani hizi, na F30 ilipotoka waandishi wengi wa magari duniani, waliokuwa wakizisifu BMW zilizotangulia, walilisema jambo hilohilo: mwepesi, sahihi, lakini umenyamaza.

Habari ninayoizungumzia ni ipi? Gurudumu la mbele likikanyaga mchanga kwenye kona, uzito wa usukani unapungua ghafla kidogo. Likikanyaga lami yenye maji, unasikia ulaini. Likikaribia mwisho wa mshiko wake, ule uzito uliokuwa unaongezeka unaacha kuongezeka, na hapo dereva aliyezoea anajua apunguze. Mwanza mvua ikinyesha, udongo na changarawe vinashuka kutoka vilimani na kulala barabarani, hasa miteremko ya Isamilo na Bugando. Kule habari hiyo ina thamani kwangu kuliko skrini yoyote. Kwenye E90 niliusikia mchanga kabla sijauona.

Magari mengi ya umeme yana kitufe cha kugeuza usukani uwe wa kimichezo. Nilikibonyeza kila kilipokuwepo. Karibu kila mara kinachofanyika ni kuongeza uzito, na uzito si habari. Ni sawa na kuzidisha chumvi kwenye mchuzi ambao samaki hayumo. Anayejaribu gari asishawishike kwamba usukani mzito ndio usukani wa michezo. Wapo wanaoshuka kwenye gari wakisema "hili limeshika barabara" kwa sababu tu mkono umechoka.

Rafiki yangu mmoja ana Nissan Skyline ya V37, ambayo usukani wake hauna kabisa haja ya chuma kuufikia mguu wa mbele wakati wa kawaida: kompyuta inasoma mkono wako na mota zinageuza magurudumu, na shina la chuma lipo kwa dharura tu. Mfumo huo ulianza kuuzwa kwa umma kwenye gari hilohilo, nje likiitwa Infiniti Q50, mwaka 2013. Niliendesha kuzunguka mji kwa udadisi. Mashimo hayafiki mkononi hata kidogo, na nakiri kuna siku barabarani ningelipenda. Lakini mimi nataka kuambiwa.

Kona, rasta na viraka

Kwa kona nilitumia barabara ya kuzunguka Capri Point. Siyo ya mwendo, na haistahili mwendo, kuna watu wanatembea na watoto. Lakini kona zake zinapinda, zinanyooka, zinapinda tena upande wa pili, na kwa 40 tu unaweza kuona jinsi bodi inavyohamisha uzito kutoka bega hadi bega. Gari zuri linainama mara moja na kutulia. Gari lililochoka au lililolainishwa kupita kiasi linainama, linafikiri, linainama tena. E90 ina sifa ya kugawa uzito karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, na pale unaielewa: ukiingia kwenye kona haikuvuti pua kwenda nje, inazunguka kama vile mhimili wake uko chini ya kiti chako. C200 inaelemea kidogo mbele, kwa upole, na ukiachia mafuta inarudi ndani. Zote mbili ni salama na zote zinaeleweka.

Tofauti yao ilitokea kwenye kona zenye viraka. Tafuta kona ya namna hiyo, ziko nyingi, upite kwa mwendo wa kawaida. Gari likigonga kiraka likiwa limeshainama, je, linaruka pembeni, au linakimeza na kuendelea na mstari wake? W204 ina shokapu zinazojibadilisha zenyewe bila umeme wowote: kwa mitikisiko midogo mafuta ya ndani yanapita kwa urahisi na shokapu inakuwa laini, ikipigwa kwa nguvu njia inabana na inakuwa ngumu. Kwa barabara zetu huo ni uhandisi wa kushukuru. E90 yenye ranfleti ilirukia pembeni kiasi cha kunifanya nikaze mikono. E90 yenye tairi za kawaida ilibaki kwenye mstari, ikatikisika kidogo, basi.

Halafu rasta. Kila kijiji kati ya hapa na Musoma kina kibao cha 50 na mara nyingi rasta kabla yake, kwa hiyo safari yote ni kupunguza, kupita, kuongeza. Breki ikikamatwa juu ya rasta, ekseli ya mbele inasema kila kitu. Nikisikia mlio mkavu wa "ka-ka-ka" chini ya miguu, au usukani ukichezacheza kushoto na kulia, najua kuna kitu kimekwisha. Kwenye moja ya magari niliyojaribu, ambalo sitalitaja, usukani ulikuwa mwepesi kwa namna ya kupendeza mjini, na muuzaji akalisifu kwa hilo. Juu ya rasta likaanza kuvuta kulia kila nikigusa breki.

Fundi chini ya gari

Ndiyo maana kila gari nililolipenda lilipita kwa fundi wangu kule Nyakato kabla ya mazungumzo ya bei. Fundi huyu ni mtu mzima, hana maneno mengi. Ananyanyua gari, anashika gurudumu la mbele juu na chini analitikisa: likicheza, ni bolijointi au beringi. Anashika kushoto na kulia: likicheza, ni tairodi. Anaingiza nondo kati ya mkono wa chini na fremu anainua: bushi ikiachia kupita kiasi, imekwisha. Anapapasa mipira ya raki kuona kama kuna oili. Lile lililokuwa linavuta kulia lilikuwa na bushi za mbele zilizopasuka pande zote mbili. Ule wepesi uliosifiwa ulikuwa uchakavu.

Kwa E90 alinionyesha kitu ninachopenda kila mnunuzi akijue. Mbele, kila upande, ina mikono miwili ya chini badala ya mmoja, na mmojawapo unashikwa na bushi yenye majimaji ndani. Majimaji hayo ndiyo yanayomeza mitetemo ili usukani ubaki safi. Bushi ikipasuka unaona alama nyeusi za unyevu kwenye chuma, na usukani unaanza kutetemeka ukifunga breki ukiwa kwenye mwendo. Si ugonjwa wa kutisha, spea zipo, lakini lazima gharama yake iingie kwenye bei. Mwenye E90 niliyoipenda alikubali kupunguza baada ya fundi kumwonyesha alama hizo kwa tochi. Alisema, "Mama, huyu fundi wako umemtoa wapi?" Tukacheka, tukaendelea.

Baada ya fundi ni alaimenti, na hapo ninamwomba kila mtu adai karatasi ya vipimo, siyo maneno ya "tumeshanyoosha." Karatasi inaonyesha magurudumu yameelekea ndani au nje kiasi gani, yameinama kiasi gani, kabla na baada. Gurudumu la mbele likielekea nje kuliko kipimo, gari linakuwa na kiherehere kwenye barabara iliyonyooka, linatafuta njia lenyewe. Likielekea ndani kupita kiasi, linazubaa na kula tairi ukingoni. Nyuma pia hupimwa kwenye magari haya, kwa sababu magurudumu ya nyuma nayo yana marekebisho yake. Gereji isiyogusa nyuma imefanya nusu ya kazi.

Kuhusu wepesi wa usukani kwa maana ya mizunguko, sikuhangaika sana. Sedani nyingi za aina hii zina uwiano wa kama 15 au 16 kwa 1, maana yake unazungusha usukani nyuzi 15 au 16 ili gurudumu ligeuke uzi mmoja. Alfa Romeo Giulia imeshuka hadi 11.8 kwa 1 na inasifiwa kwa ukali huo, lakini sijaiona ikiuzwa huku kwetu, na kwa safari ya saa tatu yenye upepo na malori sidhani kama ningetaka pua inayoruka kwa kila pumzi.

Uamuzi

Mwishoni zilibaki C200 na ile 325i yenye tairi za kawaida, na nyumbani hatukukubaliana. Mume wangu aliendesha zote mbili hadi Bunda na kurudi. Yeye alisimama na Mercedes, na hoja yake ilikuwa na uzito: sisi wawili tunaendesha, watoto wanapanda nyuma, na W204 inamsamehe dereva aliyechoka. "Mama watoto," aliniambia, "hilo lako ni zuri ukiwa macho. Usiku wa kutoka Musoma nani anakuwa macho hivyo?" Nilimjibu kwamba mimi nikiwa na usukani unaozungumza ndipo ninapokuwa macho, na kwamba uchovu wangu kwenye magari yaliyotangulia ulitokana na kukisia. Tulibishana kwa amani siku kadhaa.

Kilichoamua ni mvua. Tulipata alasiri moja ya mvua nzito na mwenye 325i akaturuhusu tuipandishe Isamilo na kuishusha. Lami ilikuwa imefunikwa tope jembamba. Mume wangu ndiye aliyekuwa anaendesha. Kwenye kona ya pili kushuka alipunguza mwendo kabla mimi sijaona sababu, na gurudumu la mbele likapita juu ya changarawe bila gari kusogea. Nilimuuliza amejuaje. Akasema usukani umelegea. Hakuongeza neno, ila jioni hiyo alinipa upande wake wa fedha.

Tulilipa, tukabadilisha bushi za mbele, tukapima alaimenti mbele na nyuma, na tukanunua rimu moja ya ziada yenye tairi inayokaa kwenye buti, kwa sababu bila ranfleti pancha ya usiku karibu na Lamadi siyo jambo la kubahatisha. Buti imepungua nafasi. Pampu ndogo ya umeme iko chini ya kiti. Tairi za nyuma zinaisha mapema kidogo kuliko za mbele, jambo la kawaida kwa gari linalosukumwa nyuma, kwa hiyo tunanunua mbili mbili na tunahakikisha aina ni moja.

Kaka yangu, baada ya kuisikia hadithi yote hii, aliipeleka Mark X yake kwa fundi yuleyule. Bushi nne na tairodi moja vilibadilishwa, tairi zikawekwa mpya. Kisha akanipa funguo niende nayo Magu nimwambie. Uwazi wa katikati umepungua sana, na gari limekuwa tulivu kuliko nilivyowahi kulijua. Bado linasubiri kidogo kabla ya kugeuka, na hicho sasa najua ndicho kilichotoka kiwandani. Nilimweleza hivyo. Amesema gari limemfaa, hataliuza, ila ameanza kuulizia bei ya IS250.